KUMCHAGUA KILEBU WA KULINDA BOMA

Najua kuna watakaocheka wakisoma kichwa cha makala haya. Watasema, "Kati ya mambo yote ya dunia, huyu ameona aandike juu ya mbwa!" Ngojeni kidogo. Kila asubuhi wengi wetu hutembea mwendo mrefu kuja shuleni, na njiani hapakosi mbwa. Wengine wetu tuna alama za meno miguuni. Kwetu nyumbani nimeona mambo mawili ndani ya mwaka mmoja: fisi akila mbuzi wetu kwa sababu hatukuwa na mbwa, na mtoto wetu akiumwa kwa sababu jirani alikuwa na mbwa asiyefaa. Ndipo nilipojua kwamba kumchagua mbwa si mchezo wa watoto.

Kwanza nieleze neno. Darasani tulifunzwa kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu, na wakiwa wengi ni vilebu. Vijana wa sokoni humwita papi. Ni yule yule.

BARAZA LA NYUMBANI

Ilikuwa wakati wa kiangazi. Usiku mmoja fisi walipenya ua wa miiba wa zizi letu wakachukua mbuzi wawili, mmoja akiwa na mimba. Majuma mawili baadaye wakarudi wakachukua wa tatu. Huyo wa tatu ndiye aliyekuwa auzwe nipate pesa za chakula cha mchana hapa shuleni. Baba akasema, "Sasa yatosha. Lazima tupate mbwa."

Mama alikataa katakata. Miezi michache kabla ya hapo kitindamimba wetu, msichana wa miaka sita, alikuwa ameumwa pajani na mbwa wa vijana fulani wanaowinda. Habari hiyo nitaieleza mbele. Tangu siku ile mama alikuwa ameapa kuwa mbwa hatakanyaga kwake. Basi tukakaa chini ya mwembe, kila mtu na neno lake.

Babu alisema, "Leteni mbwa wa kuwinda. Mbwa asiyejua kukamata mnyama ni mdomo wa bure tu." Mjomba, ambaye alikuwa amekuja kutoka Nairobi, akatoa simu akatuonyesha picha ya mbwa mkubwa wa rangi ya manjano, ana bata mdomoni, na mtoto wa kizungu amemkumbatia shingo. "Huyu ni Labrador," akasema. "Anawinda na anacheza na watoto. Mbwa mmoja, kazi mbili. Nikipata pesa nitawaletea." Baba yeye alitaka mbwa yeyote, mradi awe wa bure au wa bei ya kutupa. Mwishowe mama akasema, "Mimi nataka mbwa asiyeuma mtoto wala kula mayai. Mkimpata huyo, mleteni."

Nikaambiwa, "Wewe ndiye unayesoma. Nenda uulize." Nikamuuliza ofisa wa mifugo, nikamsumbua mwalimu wa Biolojia, nikasoma nilichopata, na jioni nikamhoji babu mwenyewe. Haya ndiyo niliyoyapata.

MBWA WA KAZI GANI?

Swali la kwanza si kilebu yupi ni mzuri, bali unamtaka kwa kazi gani. Mbwa wote ni ndugu, lakini binadamu amewazalisha kwa kazi mbalimbali kwa miaka mingi, na kazi hiyo imeingia katika damu yao.

Tumchukue huyo Labrador wa mjomba. Asili yake ni kisiwa cha Newfoundland, mashariki mwa Kanada. Wavuvi wa huko walikuwa na mbwa walioogelea katika maji ya baridi kuokota samaki waliochopoka na kusaidia kuvuta nyavu. Katika karne ya 19 mabwana wa Uingereza waliwachukua mbwa hao wakawazalisha kwa kazi yao wenyewe. Mwindaji anapiga bata kwa bunduki, bata anaanguka majini, mbwa anaogelea kumleta. Mwaka 1903 chama cha mbwa cha Uingereza kilimtambua Labrador rasmi.

Sasa angalieni jambo hili, kwa maana ndilo lililonifungua macho. Labrador haui. Anayeua ni bunduki. Yeye kazi yake ni kuleta, tena alete bata mzima bila kumtafuna, amkabidhi bwana wake mkononi. Husemwa ana mdomo laini. Mbwa aliyetafuna nyama ya bwana wake hakutakiwa. Kwa hiyo wale mabwana walipokuwa wakichagua mbwa wa kuwinda, papo hapo walikuwa wakichagua mbwa mpole, msikivu na mwenye kupenda watu. Ndiyo sababu huko kwao mbwa huyo anaweza kutoka kuwinda asubuhi na jioni akalala miguuni pa mtoto. Ndiyo sababu pia hutumika sana kuwaongoza vipofu na kunusa vitu vilivyofichwa.

Mbwa wa babu alikuwa wa namna nyingine kabisa. Babu aliwinda kwa upinde na mishale ya sumu kama Wakamba wengi wa rika lake, na mbwa walitangulia. Mbwa hakuletewa mnyama aliyekwisha kufa. Ni yeye aliyemkimbiza dikidiki kichakani, akamwangusha, akamshika koo. Aliyekuwa mkali zaidi ndiye aliyetunzwa na kuzalishwa. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Mbwa wa namna hiyo akiona kitu kidogo kinakimbia, damu inamchemka, awe ni dikidiki, mwana-mbuzi au mtoto anayecheza. Mbwa aliyemuuma dada yangu alikuwa hivyo. Mtoto alimwona mbwa akaogopa, akakimbia; na mbwa akafanya alichofunzwa kukifanya.

Juu ya hayo, uwindaji wenyewe haupo tena kisheria. Serikali ya Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema waziwazi kwamba hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa. Kaunti yetu yenyewe ina Hifadhi ya Taifa ya Kitui Kusini, inayopakana na Tsavo Mashariki, na askari wa wanyamapori hawalali. Nilipomweleza babu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mbwa wangu wangefungwa wote, na mimi nikiwa wa kwanza." Tukacheka, naye akakubali.

JE, LABRADOR ANGETUFAA?

Msidhani namdharau Labrador. Mtu mwenye ua imara, maji ya kutosha na pesa ya chakula anaweza kumfuga akamfurahia. Lakini sisi wa huku tupige hesabu. Labrador mzima huwa na uzito wa kilo 25 hadi 36. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, yaliyoumbwa kwa ajili ya maji ya baridi. Mito yetu mingi ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na jua la Zombe mnalijua. Tena ni mlafi. Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza kwamba karibu robo ya mbwa hao wana kasoro katika chembe za urithi inayowafanya wasikie njaa daima. Fikirieni kumlisha mnyama wa namna hiyo wakati wa kiangazi, watu wenyewe wakila mara moja! Isitoshe, kwa upole wake anaweza kumkaribisha mwizi kwa kutikisa mkia.

Anayemtaka bado, basi asinunue picha. Awaone wazazi wote wawili wa kilebu, na aulize habari za viungo vya nyonga, kwa sababu ugonjwa wa nyonga hurithiwa na humlemaza mbwa mkubwa akiwa bado kijana.

Sisi tulihitaji mlinzi wa mbuzi na wa watu. Kazi hiyo nayo ina historia yake. Huko Namibia, tangu mwaka 1994, shirika moja la kuhifadhi duma limekuwa likiwapa wafugaji mbwa wakubwa wenye asili ya Uturuki, wanaokaa na mbuzi mchana na usiku, ili wafugaji wasiue duma kwa hasira. Kilebu huwekwa na mbuzi angali mdogo, akue akijiona ni mmoja wao. Huko Botswana walienda mbele zaidi. Walitumia mbwa wa kienyeji, kama hawa tunaowaita mbwa koko, wakawalea na mbuzi, na ikaonekana wanaifanya kazi vizuri kwa gharama ndogo zaidi. Habari hiyo ilimfurahisha baba kuliko wote. Mbwa wetu wa kienyeji ana manyoya mafupi, mwili mwembamba usiochoka, na amezoea jua na ugali. Tatizo halikuwa mbegu yake. Tatizo ni jinsi tunavyomchagua na kumlea.

KOSA LETU LA KWANZA

Hapa niungame. Kabla sijamaliza kuuliza maswali yangu, baba alienda sokoni siku ya soko akarudi na kilebu ndani ya mfuko wa unga. Alimnunua shilingi 200. Alikuwa mdogo mno, anayumbayumba, macho bado yana ukungu wa buluu. Alilia usiku kucha. Siku ya sita akaanza kuhara damu, siku ya tisa akafa. Dada yangu, yule yule aliyeumwa, ndiye aliyelia kuliko sote. Rahisi inavunja upishi.

Ofisa wa mifugo alitueleza makosa yetu. Kilebu hufungua macho akiwa na umri wa siku 10 hadi 14. Hunyonya hadi kufikia majuma sita au manane. Wakati huo mama na ndugu zake humfunza adabu: akiuma sana mchezoni, mwenzake hulia na mchezo ukaisha. Hivyo hujifunza kuyazuia meno yake. Anayetengwa mapema hukosa maziwa na hukosa funzo hilo pia. Umri mzuri wa kumchukua ni majuma manane. Usikubali wa chini ya hapo, hata kama muuzaji anaapa.

Utajuaje umri? Tazama meno. Kilebu wa majuma manane huwa na meno ya utoto 28, madogo na makali kama sindano. Akiwa na mapengo ya meno yasiyoota bado, ni mchanga. Meno ya mbele yakiwa yameanza kung'oka, amefika miezi minne hivi. Mbwa mzima ana meno 42.

MTAZAME MAMA KWANZA

Mara ya pili baba alisema twende pamoja. Mama mmoja wa kijiji cha pili alikuwa na mbwa jike aliyekuwa amezaa sita. Niliyokuwa nimeyajua niliyatumia siku hiyo.

Kabla ya kumtazama kilebu, mtazame mama yake. Uoga na ukali wa kupita kiasi hurithiwa, na tena vilebu hujifunza kwa kumwona mama. Tulipofika, yule mbwa alisimama akabweka kwa nguvu. Mwenyewe alipomwambia, "Tulia," akanyamaza, akatunusa, akarudi kulala. Huyo ndiye mama mwema. Mama anayejificha akitetemeka, au anayeuma bila hata kunguruma kwanza, mwache na watoto wake. Kisha uliza maswali: mbwa huyu analala wapi? Anakaa na mbuzi? Kuna watoto hapa nyumbani? Amewahi kuua kuku? Tulimkuta kuku na vifaranga vyake wakidonoa hatua tatu kutoka pale alipolala. Jibu hilo lilinitosha.

KUMKAGUA KILEBU MWENYEWE

Kaa chini, usiwainukie kama mti. Waache waje. Kisha mchukue mmoja mmoja, umkague hivi:

Macho yawe angavu, bila matongo. Pua isitoe makamasi. Fizi ziwe na rangi ya waridi, kwa sababu fizi nyeupe ni dalili ya upungufu wa damu unaoletwa na minyoo au viroboto. Masikio yasinuke. Manyoya yasiwe na mabaka ya upele. Tumbo liwe laini. Likiwa limevimba kama ngoma na mbavu zinahesabika, hiyo si shibe, ni minyoo. Kitovu kisitokeze uvimbe. Inua mkia utazame kama kuna dalili za kuhara. Mwache atembee uone kama anachechemea.

Halafu mjaribu akili. Angusha kifuniko cha sufuria nyuma yake. Asiyegeuka huenda hasikii. Anayeshtuka, kisha akarudi kunusa ni kitu gani kilicholia, ndiye anayefaa. Anayekimbilia mvunguni na kukataa kutoka atakuwa mwoga, na mbwa mwoga huuma. Mlaze chali mikononi kwa upole. Akifurukuta kidogo kisha akatulia, vyema. Akikasirika na kuuma bila kukoma, atakusumbua ukiwa na watoto. Ondoka polepole huku ukipiga ulimi, uone kama anakufuata. Majaribio haya si unabii, maana malezi yana nguvu zaidi, lakini hukuepusha na aliye mbaya kabisa.

Sisi tulikuwa na jaribio moja zaidi. Tulimwangalia kila mmoja kuku akipita. Wawili walimrukia na kumkimbiza. Babu angewachagua hao! Kwa mwindaji hiyo ni sifa, kwa mlinzi wa mbuzi ni kasoro. Tukawaacha.

Babu alikuwa ameniagiza nitazame kaakaa, ati jeusi ni la mbwa mkali, na nimwinue kwa ngozi ya shingo nione kama atalia. Nilitazama kwa heshima yake. Lakini rangi ya kaakaa ni rangi tu, kama vile rangi ya manyoya. Na kumning'iniza mtoto kwa shingo kunakuambia kuwa anaumia, basi.

Je, dume au jike? Wote hulinda. Jike hupata joto mara mbili hivi kwa mwaka, na akishika mimba huzaa baada ya siku 63 hivi. Kama huna pa kuwapeleka vilebu sita, fikiri vizuri. Dume huzurura akifuata majike, akapigana na kurudi na majeraha. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi dume au kumfunga jike uzazi. Tulichukua jike wa rangi ya kahawia, wa katikati, si yule aliyetangulia kuturukia wala yule aliyejificha. Dada yangu alimwita Chapati. Nusu ya mbwa wa hapa huitwa Simba, kwa hiyo sikupinga.

MIEZI YA KWANZA

Samaki mkunje angali mbichi. Tangu majuma matatu hadi karibu majuma 12, kilebu huamua ni nani rafiki na ni nani adui. Atakachokutana nacho kwa wema katika siku hizo hatakiogopa. Kwa hiyo tulimwekea Chapati kibanda kidogo ndani ya zizi, chenye fito za kumkinga asikanyagwe. Alilala akinusa mbuzi, akaamka akiwaona mbuzi. Alipojaribu kuwakimbiza wana-mbuzi kwa mchezo, tulimwambia "Acha!" mara moja na kumwondoa. Hatukumpiga. Tulimzoesha pia watoto, baiskeli, pikipiki za bodaboda na wageni.

Kuna watu wanaomlisha mbwa pilipili au kumfungia gizani siku zote ati awe mkali. Mbwa huyo hafunzwi kulinda, anafunzwa kuchukia, naye hachagui wa kumuuma. Mlinzi mzuri hubweka akaita watu. Kupigana ni la mwisho.

Chakula: kilebu wa majuma manane alishwe kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, na akifika miezi sita mara mbili zatosha. Chapati hula ugali uliochanganywa na mchuzi wa omena au mabaki ya maharagwe, na maji safi daima. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwani huvunjika kama vioo. Tena usimpe matumbo na mapafu mabichi kutoka kichinjioni. Humo huweza kuwamo vijifuko vya mnyoo fulani ambao mbwa huukuza tumboni na kuumwaga katika kinyesi, kisha binadamu akaota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana huko Turkana. Kwa sababu ya minyoo pia, kilebu apewe dawa kila majuma mawili hadi miezi mitatu, kisha kila mwezi hadi miezi sita, na watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Ule ugonjwa wa kuhara damu ambao nadhani ndio uliomuua kilebu wetu wa kwanza huitwa pavo. Unayo chanjo yake, inayoanza kwenye majuma sita hadi manane na kurudiwa. Unaposhika mji, virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi. Kwa hiyo Chapati hatukumweka pale alipolala mwenzake.

CHANJO ILIYO KUBWA KULIKO ZOTE

Sasa nirudi kwa dada yangu. Alipoumwa, nyanya alikimbia kuleta tumbaku apake kidonda. Jirani yetu mmoja mzee, aliyewahi kuwa muuguzi, akamzuia. Akaagiza sabuni na maji, akaosha kidonda dakika 15 kamili kwa saa, mtoto akipiga mayowe. Kisha akatuambia tukimbie hospitalini, tusingoje kesho. Mahali pa kwanza tulipofika dawa ilikuwa imekwisha. Tulipanda gari tena, na nauli tulikopa. Tulipopata sindano ya kwanza ilikuwa imeshaingia usiku, na nyingine zikafuata kwa siku zilizopangwa.

Yule mbwa hakuwa na chanjo. Alifungwa kwa kamba achunguzwe siku 10, kwa sababu mbwa aliyekuwa na kichaa tayari alipouma huugua na kufa ndani ya siku hizo. Kila jioni nikitoka shuleni nilipitia pale kumtazama. Sijawahi kumwombea mbwa maisha marefu kama siku zile. Siku ya kumi na moja alikuwa hai, anakula. Mama alikaa chini akalia.

Kichaa cha mbwa si hadithi. Kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 59,000 hivi hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na miongoni mwao watoto si wachache. Hapa Kenya ulithibitishwa kwa mbwa mara ya kwanza mwaka 1912, karibu na Nairobi. Zaidi ya miaka mia imepita na bado tunao. Mwaka 2014 nchi ilipitisha mpango wa kuumaliza ifikapo 2030, na majirani zetu wa Makueni walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuujaribu. Siri ya mpango huo ni rahisi. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa ukimpata mmoja hauoni wa kumrukia, unazimika kama moto uliokosa kuni. Kwa hiyo chanjo ya mbwa wangu si yangu peke yangu. Inamlinda pia mtoto wa jirani aendaye kisimani.

Kilebu hupata chanjo hiyo akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni ya chanjo ikitangazwa sokoni au kanisani, mpeleke. Mama ameiweka kadi ya chanjo ya Chapati katika bahasha moja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

HITIMISHO

Chapati sasa ana miezi 11. Fisi bado huja, twawasikia ng'ambo ya korongo. Mwezi uliopita walifika hadi kwenye ua. Chapati alibweka kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia, baba akatoka na tochi, babu na rungu, nami nyuma yao nikitetemeka. Tulihesabu mbuzi, wote wapo. Asubuhi tukamkuta dada yangu ameketi mlangoni pa zizi, mkono wake shingoni mwa mbwa, kama mtoto wa ile picha ya mjomba. Paja lake bado lina kovu.

Basi wenzangu, mkienda kutafuta kilebu, ulizeni kwanza kazi, mtazame mama yake, msichukue aliye chini ya majuma manane, na siku ile mnayopanga bei ya kumnunua pangeni na siku ya chanjo. Na kama huko kwenu tayari kuna mbwa anayekufuata hadi lango la shule, usinijibu mimi. Mwulize baba au mama jioni hii: "Kadi yake iko wapi?"

Kalamu yangu yaomba kupumzika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu